Kigingi cha Kibanda cha Brannigan

Maiti ya Rodney Aspinall ilikuwa kifudifudi nyuma ya mlango, mkono mmoja umenyooka juu kama wa mtu anayebisha hodi. Alikuwa amebisha kutoka ndani.

Inspekta Les Tregear alichuchumaa. Kucha za marehemu zilikuwa zimevunjika, na chini yake kumejaa vibanzi vya mbao. Kwenye ukingo wa mlango kulikuwa na mikwaruzo mipya, myeupe juu ya ubao mweusi wa miaka mingi.

"Mguu wa kulia umevunjika chini ya goti," alisema Daktari Hester Quill bila kuinua kichwa. "Mfupa wenyewe, si ufa. Na kabla hujaniuliza: hapana, hakufika hapa kwa miguu yake. Ameletwa."

"Amekufa na nini?"

"Baridi. Nitathibitisha nikishampasua, lakini ni baridi. Na hakufa upesi, Les. Dhoruba ilianza jana alasiri. Huyu alikuwa hai mpaka alfajiri."

Konstebo Sione Faleafa alikuwa amesimama karibu na meko, mabega yake yamejaza nusu ya kibanda. Alizaliwa Samoa, akakulia Sydney, na tangu ahamishiwe milimani alikuwa akiitazama theluji kama mtu aliyetapeliwa.

"Afande, hebu njoo uone maajabu," alisema. "Kuni zipo, moto hakuna. Mtu anakufaje kwa baridi huku kuni zimempangia foleni?"

Ni kweli. Mekoni moto ulikuwa umepangwa tayari: magome makavu ya mkalitusi chini, vijiti juu yake, kisha magogo mawili. Ulihitaji njiti moja tu. Tregear alitazama rafu ya juu ya meko. Masizi yalikuwa yameitanda yote isipokuwa duara moja safi, la ukubwa wa kopo.

"Hapo hukaa kopo la kibiriti," alisema. "Lilikaa hapo kabla mimi sijazaliwa."

"Sasa limekwenda wapi?"

Tregear alitoka nje. Mbao za kutelezea za Aspinall zilikuwa zimesimikwa wima kwenye theluji kando ya ukuta, sawasawa, kama zimesimikwa na mtu asiyekuwa na haraka. Juu ya mlango, kigingi cha mti kilikuwa kinaning'inia kwenye kamba yake, kikigonga ubao kila upepo ulipovuma. Alikitazama kwa muda mrefu.

Toka pale ungeweza kuuona Mlima Hallam wote. Chini kabisa, ziwa. Na chini ya ziwa, mji wa Callan wa kale, na kanisa lake na jiko la bibi yake Tregear, vyote vilivyozamishwa na bwawa la umeme la serikali ili Sydney iwashe taa. Juu ya ziwa, hoteli. Kila hoteli ilikuwa na kibao chenye maneno ya kupendeza kuhusu waasisi wa mlima, na waasisi wote, cha ajabu, walikuwa wakurugenzi wa kampuni. Hakuna kibao kilichowataja wachimba dhahabu waliokuwa wa kwanza kufunga mbao za uzio miguuni na kuteleza. Wala wafugaji waliojenga vibanda hivi. Wala Wacheki na Wapolandi walioletwa kuchimba mahandaki ya bwawa, ambao siku zao za mapumziko walifunga kamba kwenye injini ya lori bovu wakaifanya lifti ya kwanza ya kuwapandisha watelezaji. Na watu wa asili, waliokuwa wakiupanda mlima huu kila kiangazi kabla ya hao wote, walipewa picha moja ndogo karibu na vyoo.

Kibanda hiki kilikuwa cha ukoo wa Brannigan, wafugaji. Jumatatu kilikuwa kibomolewe. Aspinall, meneja mkuu wa kampuni, alikuwa anajenga baa mahali pake, kwenye kilele cha lifti mpya ya viti.

"Nani ameikuta maiti?" aliuliza Tregear.

"Yule mzee Mcheki, mtengeneza mbao za kutelezea," alisema Faleafa. "Zelenka. Afande, huyo ndiye aliyemwambia marehemu mbele ya baa nzima wiki iliyopita, 'Mungu akugandishe ndani ya kibanda hicho kabla hujakigusa.'"

"Nilikuwepo," alisema Tregear. "Watu walipiga makofi."

*

Otokar Zelenka, ambaye mlima mzima ulimwita Otto, aliketi katika kituo kidogo cha polisi, fimbo yake kati ya magoti. Nyonga yake ilikuwa imekufa zamani. Alipanda na kushuka mlima kwa gari la theluji la minyororo tu.

"Ulifuata nini kule juu asubuhi yote hiyo, Otto?"

"Kuaga. Kabla hawajaleta mashine yao. Na wewe ungekwenda, kama si hiyo sare."

"Nisimulie ulivyofika."

"Nini cha kusimulia? Nilishuka kwenye gari. Nikachomoa kigingi, nikasukuma mlango. Ukawa mzito. Nikasukuma tena, nikaona mkono wa..."

Akanyamaza.

Faleafa aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, kalamu hewani.

"Ulichomoa kigingi," alisema Tregear polepole.

"Nimesema hivyo?"

"Umesema hivyo."

Mzee aliangalia mikono yake. "Nina kiu," alisema. "Kituo hiki hakina chai?"

Walipotoka nje Faleafa alimshika bosi wake mkono. "Afande, hicho kigingi kina nini? Mbona nyote mmekuwa kama mmeona jini?"

"Mlango wa kile kibanda unafunguka kwa ndani, ili theluji isiuzibe. Lakini upepo wa magharibi huusukuma, na kibanda kikijaa theluji, atakayefika usiku amepotea atakufa. Kwa hiyo ukitoka unapitisha kigingi kwenye pete, kwa nje. Tulifundishwa hilo kabla ya kusoma. Unapanga moto kwa ajili ya mtu usiyemjua, unaacha kibiriti, unapitisha kigingi."

"Kwa nje," alisema Faleafa.

"Kwa nje."

"Basi mtu alimfungia yule bwana."

"Mtu aliondoka kama anavyoondoka kila siku," alisema Tregear. "Hao wengine hapa, wa kampuni, wale vijana wa Queensland na Kanada, hawajui kigingi ni nini. Wao hupiga mlango teke."

*

Mrakibu Kemble alifika adhuhuri kwa helikopta ya kampuni. Alishuka akiwa na buti mpya za theluji, nazo pia, kwa harufu yake, zilikuwa za kampuni.

"Les, tumalize hili," alisema. "Mtu ametoa vitisho hadharani. Mtu huyohuyo ameikuta maiti. Jioni ninashuka naye."

"Ana nyonga mbovu, mkuu. Aspinall alikuwa na kilo mia. Amembebaje?"

"Alisaidiwa. Utamtaja huyo msaidizi ukimpata. Kuna wageni elfu kadhaa kwenye hoteli hizi na mwenyekiti wa kampuni ananipigia simu kila dakika. Msimu una wiki chache tu."

"Dougie Brannigan alipokufa kampuni haikuwa na haraka hivi."

Kemble alivua glavu. "Unakumbuka sana mambo, Les. Ndiyo maana bado uko hapa."

Tregear aliyakumbuka, ndiyo. Kila mtu wa mlimani aliyakumbuka. Kampuni ilijenga bweni la wafanyakazi chini ya mteremko wa Kondoo, mahali ambapo hakuna mfugaji aliyewahi kufunga hata farasi. Majira ya baridi ya pili poromoko la theluji lililala juu ya bweni. Wapishi wawili walikufa, na Dougie Brannigan, aliyekuwa akiendesha lifti. Katika uchunguzi wa vifo wakubwa wa kampuni walipanda kizimbani, suti baada ya suti, wakaapa kwamba hakuna mtu aliyewahi kuwaonya. Hakimu akaandika ajali, wakapeana mikono. Bev, dada yake Dougie, alikuwa kwenye benchi la mbele. Hakulia. Mwaka uliofuata akawa mkuu wa doria ya theluji, ili, kama alivyosema, asiletewe tena habari za mlima na watu wa mabondeni.

Faleafa alikuja mbio. "Afande, mzee anataka kubadilisha maelezo."

Otto alikuwa amesimama, kofia mkononi, kama mtu anayesubiri basi.

"Nilikosea," alisema. "Hakukuwa na kigingi. Kilikuwa kinaning'inia tu. Mlango ulikuwa wazi."

"Otto."

"Andika. Hakukuwa na kigingi."

"Ukisema hivyo, wewe ndiye mtu wa pekee tunayejua alikuwa pale. Kemble atakufunga jioni hii. Unaelewa?"

"Mimi nimeshafungwa na watu wabaya kuliko Kemble."

"Unamlinda nani?"

"Nalinda kumbukumbu yangu. Imezeeka, inahitaji ulinzi." Alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa na maji. "Andika bwana, wino wa serikali ni wa bure."

Tregear aliandika. Kisha akatoka, akasimama kwenye baridi. Waliobaki wa kupitisha kigingi walihesabika kwa vidole: yeye mwenyewe, Otto, na mtu mmoja zaidi.

"Sione," alisema. "Nenda kwenye kibanda cha doria pale mteremko wa Ukingo. Angalia machela ya kukokota majeruhi. Angalia kamba zake, na mikanda yake. Usiulize mtu kitu."

Baada ya muda Faleafa alirudi, pua nyekundu. "Machela ya Ukingoni imekunjwa ikiwa mbichi, mikanda imegandamana. Kwenye mkanda kuna uzi wa sweta ya kijani. Marehemu ana sweta ya kijani. Na vijana wa doria wanasema hawajaigusa wiki nzima." Akasita. "Wanasema jana aliyefagia Ukingo, kuhakikisha hakuna mtelezaji aliyebaki juu, alikuwa mkuu wao mwenyewe."

*

Bev Brannigan alikuwa katika chumba cha doria, akipaka nta mbao zake. Mwanamke mwembamba, uso uliokauka kwa jua na upepo, mikono kama ya fundi.

"Funga mlango, Les. Unaingiza baridi."

Tregear alifunga. Faleafa alibaki karibu na mlango.

"Jana nani alifagia mlima?"

"Unajua. Dhoruba ikija nafagia mimi. Wa mwisho kushuka ni mkuu."

"Ulipita Ukingoni?"

"Nilipita kote."

"Na kibandani?"

"Nilichungulia."

"Palikuwa na mtu?"

"Ningesema."

"Ulisema nini kwenye redio ulipomaliza?"

Mkono wake ulisimama juu ya ubao. "Tunachosema siku zote. 'Mlima mtupu.'"

"Dhoruba ilikuwa imeshaanza?"

"Ilikuwa imeanza."

"Aspinall hakuwa ameshuka. Hakuna aliyemwona baada ya hapo. Alikuwa wapi uliposema mlima mtupu?"

"Mlima ni mkubwa."

"Uzi wa sweta yake uko kwenye mkanda wa machela yako."

"Machela hubeba watu, Les. Ndiyo kazi yake."

"Wiki hii haikubeba mtu."

Alirudia kupaka nta. Polepole, kwa mivuto mirefu, kama Otto alivyowafundisha wote watatu walipokuwa wadogo: Bev, Dougie na Les. Tregear aliitambua mivuto hiyo.

"Mlango ulikuwa na kigingi," alisema.

"Nani kasema?"

"Otto. Asubuhi. Sasa amekana. Amesaini kwamba hakukuwa na kigingi, mlango ulikuwa wazi. Kemble anashuka naye jioni, kwa mauaji."

Bev aliweka nta chini.

"Amekana?"

"Amekana."

"Mjinga yule mzee. Mjinga, mjinga yule mzee. Atafia kule ndani."

"Ndiyo."

"Unanifanyia makusudi, Les."

"Sikumwambia aseme. Mimi nimekuja tu kukuambia, kabla helikopta haijawashwa."

Nje, lifti ilikuwa ikizunguka. Ulisikia viti vikipita kwenye nguzo, tak, tak, tak, na watoto wa matajiri wakipiga kelele za furaha. Bev alisikiliza. Kisha akavuta kiti akaketi, kama mtu aliyeteremsha mzigo.

"Nilimkuta chini ya Ukingo," alisema. "Alikuwa amekwenda peke yake kupima pa kuweka baa yake. Mguu umekwenda upande. Nikamfunga kwenye machela, nikamshusha hadi kibandani, nikamlaza ndani. Nilikuwa nishuke kuita watu, Les. Naapa. Nikaanza kupanga moto."

"Kisha?"

"Aliogopa nisije nikamwacha. Mtu akiogopa hutoa zawadi. Akasema, 'Bev, nilitaka iwe siri, lakini nikuambie. Baa tutaiita Kwa Dougie.'"

Faleafa aliacha kuandika.

"Picha yake ukutani, alisema. Ile anayocheka. Mbao zake zitundikwe juu ya chupa. 'Wageni wanapenda historia,' alisema. 'Wanapenda mtu halisi.' Mimi naweka magome mekoni, namsikiliza. Nikamwuliza, 'Mtaandika na jinsi alivyokufa?' Akasema, 'Aa, hapana, tutaandika tu kwamba aliupenda mlima.'"

"Bev..."

"Ngoja. Nikamwambia, 'Nilikuja ofisini kwako. Nikasimama mbele ya meza yako, nikakuambia msijenge chini ya Kondoo. Wewe ukaapa mahakamani hukuambiwa.' Na yeye akanishika mkono. Kwa upole kabisa, Les, kama rafiki. Akasema, 'Tulikusikia, Bev. Sote tulikusikia. Lakini msimu ulikuwa unaanza, na wafanyakazi hawakuwa na pa kulala.'"

Alijifuta midomo kwa kiganja.

"Alidhani ananifariji."

Nje viti vilipita, tak, tak.

"Kibiriti," alisema Tregear.

"Nilikuwa nimekishika tayari, nilikuwa niwashe. Nikatia kopo mfukoni, nikasema nafuata watu. Hilo nililifanya kwa akili yangu timamu. Andika hivyo, Konstebo. Nimelitupa kwenye ufa wa mwamba."

"Na kigingi?"

Akatazama mikono yake, wa kushoto, kisha wa kulia, kama anataka kujua ni upi.

"Kigingi sikumbuki. Baba alitufundisha, mkono unakwenda wenyewe. Nilisimika mbao zake, nikafunga mlango, nikapitisha kigingi, kama siku zote. Nilipofika kwenye miti ndipo nikajua nimemfungia."

"Kutoka kwenye miti kurudi si mbali."

"Si mbali."

"Ungerudi ukakichomoa."

"Ningerudi. Nilisimama. Theluji ilikuwa bado haijawa nzito, kibanda nilikuwa nakiona. Nilimsikia akianza kupiga mlango. Aliniita kwa jina."

"Ukafanya nini?"

"Nikawasha redio nikasema mlima mtupu."

*

Kemble aliyasoma maelezo akiwa amesimama. Alipoyafikia maneno ya Aspinall kuhusu bweni, uso wake ulibadilika rangi.

"Hii sehemu ya pili si ya lazima," alisema. "Nia inatosha kuandikwa chuki binafsi."

"Ameisaini yote," alisema Tregear. "Konstebo ameisikia yote. Na nakala nimeshamtumia mwendesha mashtaka, mkuu, pamoja na ombi la kufungua upya uchunguzi wa vifo vya bwenini."

"Unajua kampuni itakufanya nini?"

"Najua iliwafanya nini wengine."

Kemble alikunja karatasi akatoka, na baada ya kitambo helikopta iliondoka bila mfungwa yeyote. Lifti iliendelea kuzunguka. Kwenye ubao wa matangazo ya hoteli mtu wa kampuni alikuwa ameshaandika kwamba Ukingo utafunguliwa kesho, theluji ni nzuri mno.

Otto aliachiwa, lakini hakwenda nyumbani. Alikaa kwenye benchi mbele ya kituo, fimbo kati ya magoti, hadi Faleafa alipomleta Bev kwenye gari. Konstebo hakumfunga pingu. Alipomwona mzee akiinuka, alirudi nyuma hatua kadhaa, akageuka kutazama ziwa.

"Mbona ulikana kigingi?" Bev aliuliza.

"Nimezeeka. Nasahau."

"Hujawahi kusahau kitu maishani mwako, Otto."

"Basi nilitaka kujaribu."

Bev alitaka kucheka, ikashindikana. Mzee alimshika shavu kwa mkono wake mgumu uliojaa makovu ya misumeno, akamtazama usoni kwa muda.

"Ningekwenda jela kwa ajili yako, mtoto wangu," alisema. "Ningekwenda leo, na nisingekuuliza neno. Kwa Dougie ningekwenda mara mbili."

"Najua."

"Lakini kile kibanda, Bev. Wakati wa vita walilala humo watoro, na polisi waliokuwa wakiwatafuta. Baba yako aliwahi kumlaza humo mtu aliyemwibia ng'ombe. Hakuna aliyenyimwa moto. Wao walikuja kubomoa mbao tu. Mbao ningezikata nyingine."

Tregear alikuwa amesimama upande wa dereva, funguo mkononi. Alisubiri Bev ajibu. Bev aliinama, akaingia kwenye gari kabla ya kuambiwa.